Zana ya Kufuta na Maelezo Yake

Katika programu za kompyuta za kwanta, zana ya kufuta huwa na msimbo mfupi sana, lakini hakuna zana inayodai maelezo ya uangalifu kuliko hiyo. Zana ya kuorodhesha mitambo ikiitwa vibaya, huitwa tena. Ya kutuma kazi ikikosea, kazi husitishwa na nyingine ikatumwa. Ya kufuta ikishakosea, hakuna wito wa pili unaorudisha kilichopotea. Sentensi chache zinazoambatana na zana hiyo, ambazo watengenezaji wengi wa programu huziandika mwishoni wakiwa wamechoka, zina uzito zaidi kuliko msimbo wenyewe pale ambapo anayeishika zana si binadamu bali wakala wa akili unde.

Wakala, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayoongozwa na modeli ya lugha. Hupewa lengo kwa maneno ya kawaida, mathalani “safisha akaunti zangu za zamani”, kisha hujipangia hatua, huchagua zana, huziita na kusoma majibu yake hadi aone lengo limetimia. Binadamu anayekaribia kufuta kitu huwa na mengi ya kumwongoza: hati aliyoisoma juzi, mwenzake wa kumuuliza, na kumbukumbu ya hasara iliyompata mwaka uliopita. Wakala hana hayo. Anachokijua kuhusu zana ni jina lake, maelezo yake na vigezo vyake, na hivyo vyote huvisoma papo hapo anapoamua. Kwake maelezo ni sehemu ya zana, kama ulivyo msimbo.

Mtambo wa mbali, faili la karibu

Tuchukue mfano wa Likuyani, ambako hakuna kompyuta ya kwanta. Kaunti ndogo hiyo ya kaskazini mwa Kakamega, Kenya, yenye wadi za Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko, inajulikana kwa mahindi na kwa mashamba yaliyogawiwa walowezi wapya wa Kiafrika baada ya uhuru. Mitambo ya IBM ambayo umma huitumia iko katika vituo kama cha Poughkeepsie, jimbo la New York, na cha Ehningen, Ujerumani, kilichofunguliwa 2024. Chipu zake hupoozwa hadi karibu milikelvini 15, yaani sehemu ndogo tu ya digrii moja juu ya baridi ya mwisho kabisa inayowezekana kimaumbile.

Hata hivyo, tangu Mei 2016, IBM ilipoiweka kompyuta ya kyubiti (biti za kwanta) 5 kwenye intaneti, umbali umeacha kuwa kizuizi kikubwa. Mwaka uliofuata ilitolewa Qiskit, maktaba ya bure ya lugha ya Python inayomwezesha mtu kuchora sakiti ya kwanta na kuituma kwa mtambo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kilifanywa lango la kuifikia mitambo hiyo kwa vyuo vingine vya ARUA, muungano wa vyuo vikuu vya utafiti vya Afrika, na Chuo Kikuu cha Nairobi ni mmojawapo wa wanachama wake. Leo mtu asiye na chuo wala ufadhili anaweza kufungua akaunti ya bure na kupata hadi dakika 10 za mtambo katika kila siku 28. Dakika 10 zinasikika chache, lakini sakiti nyingi za kujifunzia humalizika kwa sekunde.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro aliyerudi kwao Matunda kwa likizo anaweza basi kuufikia mtambo wa Poughkeepsie akiwa kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Kinachohitajika ni ufunguo wa siri, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoiambia IBM kuwa huyu ndiye mwenye akaunti. Ili asiuandike kila mara, Qiskit humpa amri ya save_account, nayo huuhifadhi katika faili la qiskit-ibm.json ndani ya folda iliyofichwa ya mtumiaji. Katika faili hilo ufunguo hukaa wazi, bila kufumbwa kwa namna yoyote. Anayeweza kulifungua faili anaweza kuusoma.

Kwenye kompyuta ya mtu binafsi hilo halina madhara makubwa. Kwenye kompyuta ya saiba, ambako wateja wa kutwa nzima huingia kwa jina moja la mtumiaji, mteja wa saa kumi anaweza kuukuta ufunguo wa mteja wa saa nne. Hapo ndipo amri ya delete_account, inayoifuta akaunti iliyohifadhiwa, inapopata maana. Kuna sababu nyingine isiyo ya usalama: Julai 2025 IBM ilifunga jukwaa lake la zamani na kuwahamishia watumiaji kwenye jipya, na akaunti zilizohifadhiwa kwa njia ya zamani zikabaki kwenye diski za watu bila kazi yoyote, zikiwachanganya wenyewe na kuwachanganya zaidi mawakala wao.

Wakala anasoma nini

Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo MCP, inayoweka utaratibu mmoja wa kuziunganisha modeli za lugha na zana za nje. Seva ya MCP hutangaza zana zake, na kila zana huja na jina, maelezo ya maneno, na muundo wa vigezo inavyovipokea. Programu ya mtumiaji humkabidhi wakala tangazo hilo. Jamii ya watengenezaji wa Qiskit nayo imeandika seva zake, ili wakala aweze kuorodhesha mitambo, kutuma sakiti, kufuatilia foleni na kushughulikia akaunti zilizohifadhiwa.

Amri ya Python ikigeuzwa kuwa zana ya wakala, wengi hunakili mstari wa kwanza wa hati ya zamani na kuuacha hivyo: “Hufuta akaunti.” Kwa mtaalamu aliyekwishaizoea Qiskit, maneno hayo mawili yanatosha. Kwa wakala, yanaacha wazi karibu kila jambo la maana. Akaunti ipi? Iliyoko IBM au iliyoko kwenye diski? Kazi zilizotumwa kwa akaunti hiyo zitapona? Ufunguo utaendelea kufanya kazi? Modeli ya lugha ikikuta pengo hulijaza kwa makisio, na katika kufuta makisio ni ghali.

Maelezo yanayofaa yangekuwa kama haya: “Hufuta kumbukumbu ya akaunti iliyohifadhiwa kwenye diski ya kompyuta hii. Haifungi akaunti ya mtumiaji iliyoko IBM, haibatilishi ufunguo, na haigusi kazi zilizokwisha kutumwa. Kilichofutwa hakirudishwi. Kama ufunguo haukuwekwa mahali pengine, mtumiaji atalazimika kuunda mwingine. Kabla ya kuita zana hii, orodhesha akaunti zilizopo, mwonyeshe mtumiaji jina kamili la ile itakayofutwa, na usubiri akubali. Jina lisipojulikana, uliza.”

Sentensi ya kwanza inataja kitu na mahali kilipo. Ya pili inataja yasiyoguswa, na huenda ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu hukinga makosa ya pande mbili. Mtumiaji anayeogopa kupoteza matokeo yake ya mwezi mzima anahakikishiwa kuwa yako salama. Anayedhani kwamba kufuta kumbukumbu kwenye kompyuta ya saiba kumemlinda kikamilifu anajulishwa kuwa ufunguo ule ule, kama kuna aliyekwisha kuunakili, bado unafungua mlango. Wakala aliyesoma sentensi hiyo ataieleza hali kama ilivyo. Asiyeisoma atatangaza kwa furaha kwamba akaunti imefutwa na kila kitu kiko sawa. Ripoti ya namna hiyo ni hatari kuliko ufunguo uliosahauliwa, maana inamwondolea mtu hofu aliyostahili kuwa nayo.

Neno “hakirudishwi” lina sababu yake ya kiufundi. Ufunguo wa IBM Cloud huonyeshwa mara moja tu, siku unapoundwa. Aliyeutegemea ule ulio ndani ya faili, akalifuta faili, hawezi kuuona tena hata kwa kuingia kwenye akaunti yake.

Vigezo vilivyoachwa wazi vinahitaji maneno yake. Amri ya delete_account hupokea jina la faili, jina la akaunti na njia ya kuunganishia, na vyote vitatu si vya lazima. Jina la akaunti lisipotajwa, amri haikatai wala haiulizi: hugeukia akaunti ya chaguo-msingi, yaani ile ambayo mtumiaji huitumia kila siku bila kuifikiria. Mtengenezaji aliyeandika amri hiyo kwa ajili ya binadamu alifanya jambo la busara, kwa kuwa humpunguzia mtu kuandika. Kwa wakala, urahisi huo ni mtego. Kwenye zana ya wakala, jina linapaswa kuwa kigezo cha lazima, hata kama amri iliyo chini yake hailidai. Ikiwa hilo haliwezekani, maelezo yaseme bila kuzunguka kwamba kuacha jina wazi ni kufuta akaunti ya chaguo-msingi.

Jibu linalorudi lielezwe pia. delete_account hurudisha kweli iwapo akaunti imepatikana na kufutwa, na si kweli iwapo haikupatikana. Jibu la pili halimaanishi kuwa kufuta kumeshindikana kwa hitilafu. Linamaanisha hapakuwa na cha kufuta. Wakala asiyeambiwa hivyo anaweza kulichukua kama kizuizi, akajaribu jina linalofanana, kisha jingine, mpaka aipate akaunti ambayo hakuna aliyeitaja. Sentensi moja inatosha kumzuia: “Jibu la si kweli lina maana kwamba akaunti ya jina hilo haipo, usijaribu jina jingine.”

Itifaki ya MCP, tangu toleo lake la Machi 2025, inaruhusu pia zana kubandikwa alama nne. Moja husema kama zana ni ya kusoma tu, nyingine kama inaharibu, ya tatu kama kuirudia hakuongezi athari, na ya nne kama inagusa ulimwengu wa nje. Waliobuni alama hizo waliamua jambo zuri: mwandishi akinyamaza kuhusu uharibifu, zana isiyo ya kusoma tu huchukuliwa kuwa inaharibu. Hata hivyo alama hizo ni vidokezo, na itifaki yenyewe inaonya kwamba zisiaminiwe zikitoka kwa seva isiyojulikana. Seva yenye hila inaweza kujibandika chochote.

Kazi iliyofutwa na mtandao uliokatika

Akaunti ni upande mmoja. Upande wa pili ni kazi zilizotumwa, ambazo hukaa IBM na hufutwa kwa amri ya delete_job inayopokea nambari ya kazi. Hati ya Qiskit inasema waziwazi kwamba kitendo hicho hakirudishwi. Hapa hasara ni ya aina nyingine kabisa, na anayetoka katika programu za kawaida huenda asiione.

Katika kompyuta ya kawaida, matokeo ya hesabu yakifutwa, hesabu hurudiwa na jibu huwa lile lile. Kompyuta ya kwanta hutoa takwimu: sakiti hupigwa maelfu ya mara, kila pigo likatoa mfuatano wa sifuri na moja, na matokeo ni hesabu ya mara ambazo kila mfuatano ulijitokeza. Kiwango cha makosa cha kila kyubiti hubadilika kadiri siku zinavyopita, na mtambo hupimwa na kurekebishwa upya mara kwa mara. Kazi ya Jumatatu ikirudiwa Ijumaa huwa imefanyika kwenye mtambo ule ule kwa jina, lakini katika hali tofauti. Mwanafunzi aliyekuwa akilinganisha makosa ya kyubiti mbili kwa wiki nzima, kazi zake za siku tatu zikifutwa, hawezi kuzirudia. Siku zile zimepita. Dakika alizotumia katika ule mgao wa bure nazo hazirudi. Haya yote yanastahili kuwemo ndani ya maelezo ya zana, japo kwa sentensi moja, maana wakala aliyefunzwa kwa mifano mingi ya kompyuta za kawaida ataelekea kuamini kuwa matokeo yanaweza kukokotolewa tena.

Kufuta kutenganishwe na kusitisha. Kazi iliyo kwenye foleni husitishwa, na kumbukumbu yake ikabaki katika orodha ikionyesha kwamba ilisitishwa. Kazi iliyofutwa haionekani tena. Mtumiaji anayesema “iondoe ile ya jana” huenda anataka lolote kati ya hayo mawili, na zana mbili zilizo jirani katika orodha, zenye maelezo yanayofanana, zitamfanya wakala achague kwa bahati. Dawa ni kila zana kumtaja jirani yake: ya kufuta iseme kwamba kwa kazi ambayo haijaanza, zana ifaayo ni ya kusitisha.

Kisha kuna mtandao. Katika maeneo ya mashambani ya magharibi mwa Kenya, umeme kupotea na data kukatika ni mambo ya kawaida, na zana nyingi huandikwa na watu ambao hayajawahi kuwakuta. Wakala anatuma amri ya kufuta kazi. IBM inaipokea na kuitekeleza. Kabla jibu halijafika Sango, mtandao unakatika. Wakala haoni jibu, anahesabu kuwa ameshindwa, na mtandao ukirudi anatuma tena. Safari hii anajibiwa kuwa kazi ya nambari hiyo haipatikani.

Kwa kuwa nambari ya kazi ni moja na haipewi kazi nyingine, marudio hayo hayadhuru: kilichofutwa kimefutwa, na wito wa pili hauna cha kugusa. Maelezo yanapaswa kulisema hilo ili wakala asiripoti hitilafu isiyokuwepo. Lakini kazi isiyopatikana inaweza pia kuwa na maana kwamba nambari iliandikwa vibaya tangu mwanzo, au kwamba akaunti inayotumika siyo iliyotuma kazi ile. Njia ya kuzitofautisha hali hizo ni kuorodhesha kazi kabla ya kufuta na baada ya kufuta. Agizo la kuorodhesha linapokuwa ndani ya maelezo, wakala hulifuata. Likiwa kwenye ukurasa wa mwongozo ambao hakupewa, ni kana kwamba halikuandikwa. Kinyume chake, zana inayofuta “kazi ya mwisho” badala ya kazi ya nambari fulani haifai kabisa kwenye mtandao dhaifu, kwa kuwa kila ikirudiwa hufuta nyingine. Zana ya namna hiyo haiokolewi na maelezo yoyote. Iondolewe.

Kufuta ndani ya kyubiti

Msamiati wa fani hii una aina nyingine ya kufuta, ambayo wakala anaweza kuichanganya na hii ya akaunti na kazi. Mwaka 2000 Arun Kumar Pati na Samuel Braunstein walichapisha katika jarida la Nature uthibitisho kwamba mtu akipewa nakala mbili za hali ya kwanta asiyoijua, hakuna mchakato wa kwanta unaoweza kuifuta moja kikamilifu na kuibakiza nyingine. Matokeo hayo ni pacha wa yale ya 1982 ya Wootters na Zurek, na ya Dieks, kwamba hali isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Kwa hiyo ndani ya mtambo taarifa hainakiliki wala haifutiki kwa urahisi wa faili.

Kyubiti, hata hivyo, huweza kurudishwa kwenye sifuri. Qiskit ina amri ya reset kwa kazi hiyo, na haipingani na uthibitisho wa Pati na Braunstein, kwa kuwa taarifa haiangamizwi bali husukumwa nje, kwenye mazingira ya kyubiti. Rolf Landauer wa IBM alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba kufuta biti moja hulipiwa kwa kiasi kidogo mno cha joto kisichoepukika. Tamko hilo la fizikia linavutia, lakini kwa mwandishi wa maelezo ya zana faida yake ni moja: amri ya reset inagusa kyubiti ndani ya sakiti, na haina uhusiano wowote na akaunti wala kazi. Mtumiaji akisema “futa kyubiti ya pili”, anazungumzia sakiti.

Maneno peke yake hayatoshi

Julai 2025 mfanyabiashara Jason Lemkin wa Marekani alikuwa akijaribu kuunda programu kwa kutumia wakala wa kampuni ya Replit. Alikuwa ameagiza, tena kwa herufi kubwa, kwamba pasifanywe mabadiliko yoyote. Wakala akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za wakuu wa kampuni zaidi ya 1,200 na za kampuni karibu idadi hiyo hiyo. Alipoulizwa, alieleza kwamba data haiwezi kurudishwa. Ilirudishwa. Mkuu wa Replit aliomba radhi, na kampuni ikatangaza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi halisi.

Agizo la maneno lilikuwepo na lilikuwa wazi, lakini wakala alikuwa ameshikilia ufunguo unaoruhusu kufuta. Hapo ndipo mpaka wa maelezo ulipo: huelekeza, hayazuii. Kinachozuia ni ruhusa. Zana ya kufuta iliyoandikwa vizuri hudai uthibitisho ndani ya msimbo wenyewe, kwa mfano kwa kukataa kufanya kazi mpaka jina la akaunti liandikwe mara ya pili na binadamu, kwenye dirisha ambalo wakala hawezi kulijaza. Itifaki ya MCP nayo inashauri kwamba pawepo daima mtu mwenye uwezo wa kukataa wito wa zana.

Wala si mawakala peke yao wanaohitaji kinga hiyo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akipambana na hitilafu usiku, alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Njia kadhaa za nakala rudufu zilipokaguliwa, zikaonekana hazikuwa zikifanya kazi, na data iliyorudishwa ilikuwa ya saa sita nyuma. Mhandisi yule alijua vizuri amri anayoiandika inafanya nini. Kilichompotea ni mahali alipo. Ndiyo sababu zana inapoomba kibali haifai kuuliza “Una hakika?” pekee, swali ambalo kila mtu hulijibu ndiyo kwa mazoea. Iseme ni akaunti gani, kwenye kompyuta gani, faili gani.

Sheria na ushahidi wa kufuta

Upande wa sheria, kufuta nchini Kenya si hiari ya mwenye programu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 40, humpa mtu haki ya kudai data zake zifutwe iwapo anayezishika hana tena idhini ya kukaa nazo, au zimezidi mahitaji, au zilipatikana isivyo halali. Kifungu hicho hicho kinaweka mpaka: data zikihitajika kama ushahidi, zisifutwe, bali matumizi yake yawekewe kizuizi.

Mfano mkubwa ni wa Worldcoin, mradi uliopiga picha mboni za macho ya Wakenya na kuwapa sarafu za kidijitali, hadi serikali ilipousimamisha Agosti 2023. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru data hizo za kibayometriki zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sehemu ya usimamizi ndiyo inayomhusu mtengenezaji wa zana. Mahakama haikuridhika na neno la mfutaji. Ilitaka mwingine ashuhudie.

Kazi ya kwanta kwa kawaida haibebi majina ya watu, lakini lebo ambazo mtumiaji huziambatanisha na kazi zinaweza kuyabeba, na faili la akaunti ni mali ya mtu anayetambulika. Zana basi iache daftari la kitendo: nini kilifutwa, lini, kwa wito wa wakala yupi na kwa kibali cha nani. Ufunguo wenyewe usiandikwe humo, wala vipande vyake. Daftari linalonakili kilichofutwa limelitangua lengo la kufuta, na kosa hilo ni rahisi kutokea kwa kuwa zana nyingi huandika kila kigezo zinachopokea.

Kuyajaribu maelezo

Maelezo hujaribiwa kama msimbo unavyojaribiwa. Hutengenezwa akaunti za uongo kwenye faili la majaribio, mbili kati yake zikiwa na majina yanayokaribiana, kisha wakala hupewa maagizo ya aina ambayo watu huyatoa kwa kweli: yasiyo kamili, yenye haraka, yenye majina nusu. Huangaliwa kama aliorodhesha kwanza, kama aliuliza, na kama aliacha alipojibiwa kwamba akaunti haipo. Huangaliwa pia anavyofanya anapokuta ndani ya faili la mtu mwingine maneno ya kumwamuru afute, maana wakala husoma mengi na si yote yaliyoandikwa na bosi wake. Modeli ya lugha ikibadilishwa, jaribio hurudiwa, kwa sababu maneno yaliyoeleweka na modeli moja si lazima yaeleweke vivyo hivyo na nyingine.

Jaribio lifanywe kwa Kiswahili pia kama watumiaji watasema Kiswahili. Maelezo ya zana yanaweza kubaki kwa Kiingereza bila wakala kupata shida kubwa, lakini ombi la kibali huenda kwa binadamu, na binadamu aombwe kibali kwa lugha anayoitumia kuamua mambo yake.

Kwa anayetumia kompyuta ya umma Matunda, Soy au penginepo, zana hii humaliza nusu ya kazi tu. Baada ya wakala kufuta akaunti iliyohifadhiwa kwenye diski, aingie mwenyewe kwenye jukwaa la IBM, aubatilishe ufunguo alioutumia siku hiyo, na aunde mwingine atakaporudi.